Sauti Iliyonitangulia Kazini

Simu ya kwanza niliyoipokea kazini ilikatwa kabla sijamaliza kusalimia. Nilisema, "Allo, jambo, hapa ni kwenye biro," yaani ofisini, nikasikia mtu anavuta pumzi upande wa pili, kisha kimya. Nikadhani ni mtandao. Uvira mtandao una tabia zake. Ukikaa karibu na maji ya ziwa, simu inaweza kushika mnara wa Burundi bila kukuomba ruhusa. Nikampigia mtu yule. Alipokea, akanisikia nikisema "Allo" mara ya pili, akakata tena.

Mimi ni mtoto wa Luberizi, wa wakulima wa mpunga, na wakati huo nilikuwa nimemaliza masomo ya usekretere hapo mjini. Kumaliza ni jambo moja, kuanza ni lingine. Miezi mingi nilizunguka na bahasha ya kaki kwapani, toka Kavimvira hadi Kalundu, nikiwaachia walinzi wa milangoni barua za kuomba kazi, nao nadhani walizitumia kupepea makaa. Kilichonifungulia mlango si barua. Ni kukubali staji, yaani kufanya kazi bila mshahara mpaka watu wazoee kukuona mezani, na siku moja washindwe kukumbuka walikuwa wanafanyaje bila wewe. Mtu akiniuliza leo kazi ya biro inaanzia wapi, namwambia inaanzia hapo.

Shirika lililonipokea lilikuwa dogo. Liliwasaidia wakulima wa bonde la Ruzizi kupata mbegu na wafugaji wa milimani kupata dawa za ng'ombe. Biro yake ilikuwa nyumba ya matofali upande wa Kalundu. Ilipojengwa, ziwa lilikuwa mbali. Miaka hii maji yamepanda, yamekula viwanja vya mbele, na dirisha la meza yangu lilitazama ua wa jirani aliyekwisha kuhama: ukuta umesimama majini peke yake, na lango lake la chuma bado limefungwa kwa kufuli. Mawimbi yakija, lango liligonga polepole, kama mtu wa adabu anayeomba kuingia.

Direkta wetu alikuwa mwanaume mpole, mzee wa kanisa, asiyependa kupandisha sauti. Siku ya kunihoji alikuwa anasoma karatasi zangu bila kunitazama. Akaniuliza jina langu. Nikajibu, na nikaongeza kwamba nashukuru kupokelewa. Akaweka kalamu chini.

"Weye uko na ndugu huku Mulongwe?"

"Hapana, mukubwa. Ndugu zetu wote wako Luberizi."

"Hata kwa upande wa mama?"

"Hata kwa upande wa mama."

Akageuka akatazama ziwa kwa muda, kisha akaniambia nianze Jumatatu. Swali lake sikulielewa, lakini nilikuwa na njaa ya kazi, na mwenye njaa hachungulii sufuria kabla ya kupakuliwa.

Kazi yenyewe nilijifunza kidogo kidogo. Nilijifunza kwamba barua haitoki nje bila kuacha kopi iliyosainiwa na aliyeipokea. Klaseri, yaani jalada la barua, unaipanga kwa ajili ya mtu atakayekuja siku ambayo wewe ni mgonjwa. Husemi "direkta hayuko" kabla hujajua ni nani anayemtafuta. Mtu aliyeshuka kwa miguu kutoka Bijombo, milimani, unampa kiti na maji kwanza, maswali baadaye. Na chombo kikubwa cha kazi hii, kuliko ordinatere, ile kompyuta ya mezani, ni sauti. Watu wengi hawataona uso wako kamwe. Wataijua biro kwa sauti yako, na wakiiamini, wameliamini shirika.

Hapo ndipo shida yangu ilipokuwa. Sauti yangu iliwafukuza watu.

Mama wa usafi, aliyekuwa mwanamke mnene mcheshi, alicheka na kila mtu. Nikimwita kutoka nyuma, alikuwa anasimama wima na kitambaa mkononi, hageuki, haitiki. Ni mpaka nimzunguke nije mbele ya uso wake. Siku moja akaniambia taratibu, "Ukiwa na kazi na minye, kuja mbele yangu. Usiniite kwa mugongo." Direkta naye alizoea kunitumia vipande vya karatasi, ingawa mlango kati yetu ulikuwa wazi na ningeweza kumsikia akikohoa. Kisha akaja mfugaji mmoja kutoka Mulenge, mwenye fimbo na koti refu. Alipiga hodi, nikamkaribisha nikiwa bado nimeinama kwenye droo. Nilipoinua kichwa hakuwa ameingia. Alikuwa amesimama nje uani, kofia ameivua, ameishika kifuani kama watu wanavyofanya jeneza likipita. Akasema atarudi siku nyingine, akaondoka kinyumenyume.

Nilijiuliza kama nina ukali, au kama Kiswahili changu cha bondeni kinachekesha. Nilipokuwa peke yangu nilifanya mazoezi ya kusalimia, nikitazama lile lango majini, nikalainisha maneno, nikaweka tabasamu ndani yake. Kadiri nilivyoilainisha sauti, ndivyo watu walivyozidi kushtuka.

Ilikuwa asubuhi ya jua kali direkta alipokwenda bondeni kutembelea mashamba. Akanipigia kutoka huko, akasema nitafute kwenye simu ya biro ujumbe wa zamani uliotumwa kwa kikundi cha wakulima, ili tujue mkutano wa mbegu wa mwaka uliopita ulifanyikia kwenye kanisa gani. Nikapandisha jumbe, nikapandisha, mpaka nikafika kwenye ujumbe wa sauti. Nikaugusa.

Nikajisikia nikizungumza.

Nilikuwa nawakaribisha wakulima kwenye mkutano, nawaambia waje mapema, wasisahau mifuko. Katikati nilikohoa kidogo, nikaomba radhi. Mwishoni nilicheka, nikasema, "Haya, tuko pamoja sana." Nilikaa na ile simu mkononi nikijaribu kukumbuka ni siku gani niliisema habari hiyo. Mwenzio ukimsikia kwenye simu utasema ni yeye. Lakini mtu akijisikia mwenyewe kwenye mashini huwa anajikataa, anasema hapana, mimi si hivyo. Mimi sikujikataa. Nilijitambua kabisa. Ndipo nikatazama ujumbe ule ulitumwa lini, nikakuta ni wakati nilipokuwa bado darasani, sijawahi hata kupita mbele ya nyumba ile.

Nikaugusa tena. Nyuma yangu fagio likaanguka.

"Zima," mama wa usafi akasema kutoka mlangoni. "Zima hiyo, nakuomba."

Nikazima. Akaingia, akakaa kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaniambia kwamba kabla yangu palikuwa na sekretere mwingine, mwanamke kijana, aliyekaa kwenye meza ileile. Ile mvua kubwa iliposhusha mawe kutoka milimani na mto Mulongwe ukaacha njia yake, alikuwa ametoka kazini anarudi nyumbani kwake. Nyumba ilikwenda. Yeye hakuonekana tena, wala kwenye mchanga, wala ziwani.

"Na sauti?" nikauliza.

"Sauti njo hiyo ulisikia. Sura hamufanani hata kidogo. Yeye alikuwa murefu, mweusi. Lakini ukifungua kinywa..." Hakumaliza. "Direkta alikataza tukuambie. Alisema utakimbia."

Direkta aliporudi sikumpa nafasi ya kuandika karatasi. Niliingia, nikamuuliza kwa nini alinichukua.

"Nilitaka kukukatalia," akasema. "Kisha nikajiuliza nitamwambia nini huyu mutoto. Kwamba tunamufukuza juu ya sauti Mungu alimupa? Nikaona ni zambi. Na tena," akashusha macho, "niliona ni kama biro imepona."

Sikukimbia. Kujua kulinipa nafuu, kwa kuwa sikuwa na kosa. Nikaanza kuwaambia watu jina langu kabla ya neno lolote, nikataja na Luberizi. Wengine wakazoea. Yule mfugaji wa Mulenge alirudi, akaingia mpaka ndani, ingawa alipendelea kukaa mahali anapoona mdomo wangu ukitembea.

Ndipo mama wa yule sekretere aliyepotea akaja.

Sijui nani alimpelekea habari. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, wa kitenge safi kilichofifia rangi, ana rozari shingoni. Nilimwambia jambo mama, karibu, nikusaidie nini. Akafumba macho. Akayafumba mpaka nikadhani anazimia, nikasimama.

"Kaa, mutoto wangu," akasema. "Endelea na kazi yako. Minye nimekuja kukaa tu."

Alikaa kwenye kiti cha wageni, nikapokea simu, nikawajibu watu, nikamsomea direkta barua. Mchana akainuka, akashukuru, akaenda. Akarudi kesho yake, na siku nyingine. Hakuwa anasumbua. Mama wa usafi alimletea chai naye akaiacha ikapoa. Jambo moja tu lilinisumbua: nilipokuwa nazungumza, midomo yake ilitembea pamoja na yangu, na mara nyingine ilinitangulia.

Siku moja akasogeza kiti.

"Niko na neno la kukuomba. Yeye kila siku akitoka kazini alikuwa ananipigia. 'Mama, nimefika.' Basi, njo hivyo tu. Ile siku ya mvua sikupata hiyo simu. Nilikaa na telefone mukononi mpaka moto ukazimika." Akanitazama moja kwa moja. "Minye siko mujinga. Najua mutoto wangu alikufa. Lakini kuna neno halikufika. Unaweza kunipigia, leo tu, ukishafika kwako, useme umefika?"

Nani angekataa? Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya milima, nilimpigia, nikasema, "Mama, nimefika." Kisha akasema, "Asante, mutoto wangu," akakata.

Kesho yake hakuja biro. Lakini saa za kutoka kazini zilipofika, mkono wangu ulitafuta simu wenyewe. Nikampigia. Sikuwa nimeombwa.

Ikawa desturi. Neno moja likazaa mengine. Aliuliza kama nimekula, nikasema nimekula nini. Aliuliza kama koo bado linaniuma, nikasema limepoa, ingawa koo langu halikuwahi kuuma. Nilijiambia ni huruma, na kweli ilikuwa huruma. Lakini mama wa usafi alianza tena kutogeuka nikimwita, na siku moja direkta alitoka chumbani kwake baada ya mimi kuweka simu chini, akaniuliza, "Hayo maneno ulimaliza nayo, umeyatoa wapi?" Nilimuuliza maneno gani. Akasema, "Tuko pamoja sana." Mimi sikuwa najua kwamba nayasema. Alisema ni majuma sasa.

Halafu likaja jambo la kitenge. Tulikuwa kwenye simu, mimi na yule mama, naye akasema kama anayeongea na nafsi yake, "Kile kitenge cha kijani, cha ndege, sijui ulikipeleka wapi. Nimekitafuta kwenye sanduku langu mpaka nimechoka."

"Iko kwa fundi, mama," nikasema. "Yule wa kwenye barabara ya kushuka soko."

Nilisema hivyo, kwa urahisi, kama unavyosema chumvi iko wapi. Kisha akakata.

Asubuhi yake alikuja biro na mfuko wa plastiki. Akaufungua mezani kwangu: gauni la kijani la ndege, limeshonwa nusu, mkono mmoja bado umeshikizwa kwa pini. Fundi alikuwa amelitunza, hakujua ampe nani. Nimeliwaza jambo hilo mara nyingi. Mjini kwetu kitenge kisichoonekana nyumbani kitakuwa wapi kama si kwa fundi? Na fundi yule ndiye wanawake wengi wa mtaa ule wanamwendea. Labda ni akili yangu tu ilikisia. Lakini yule mama hakunitazama kama mtu aliyekisia. Alinitazama kama mtu anayetafuta mlango niliopitia.

Jumapili iliyofuata mama yangu mwenyewe alinipigia kutoka Luberizi. Nilikuwa nimetoka kanisani, nimekaa kwenye ngazi ya nyumba. Nikapokea.

"Nipe mwenye simu," akasema.

"Mama, ni minye."

"Minye nani?"

Nikamtajia jina langu. Akaniuliza kwa Kifuliiru habari ya usingizi, kama anavyonisalimia tangu niko mtoto. Nilitaka kumjibu kwa lugha ileile, lugha niliyonyonya, nikaitafuta mdomoni kama mtu anavyotafuta swichi katika chumba asichokizoea. Kilichotoka ni Kiswahili cha mjini, laini, chenye tabasamu ndani yake. Mama yangu akasema taratibu, "Dada, kama mutoto wangu yuko karibu, mwambie nimemupigia." Akakata.

Nilibaki kwenye ngazi ile na simu mkononi, jua la saa sita liko kichwani.

Jumatatu nilimweleza direkta kila kitu. Alisikiliza mikono ikiwa imefungwa mezani. Hakunikemea. Alichukua funguo za gari, akasema, "Twende kwa mama."

Yule mama wa rozari alikuwa anakaa kwa mtoto wake wa kiume, juu kidogo ya Mulongwe, mahali ambapo mawe yaliyoshuka na mvua bado yamelala kati ya nyumba, makubwa kuliko nyumba zenyewe, na watoto wameyazoea, wanaanika nguo juu yake. Alitukaribisha uani. Direkta alisalimia, akaulizia afya, akaomba wasali kidogo, kisha akanigeukia, akaniachia neno.

"Mama," nikasema, "mama yangu hanijui tena kwenye simu."

Hakushangaa. Alikunja kitenge cha mapajani, akakikunjua.

"Naliona hilo," akasema. "Naliona kila siku. Weye ulikuwa unapungua, na minye nilikuwa naacha." Akafuta pua. "Watu wa kanisa waliniambia tufanye kilio. Nilikataa. Nilisema tutalilia nini, hakuna mwili. Muntu haiko, tutamuzika nani?"

"Wengi walizika nguo, mama," direkta akasema kwa upole. "Hata kule bondeni wamefanya hivyo."

"Nguo sikuwa nayo. Zote zilikwenda na nyumba." Akatazama ndani kupitia mlango, na wote tulijua anatazama nini. "Sasa iko moja."

Akanishika mkono, mara ya kwanza tangu tujuane. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Niambie mara moja tu, kisha usinipigie tena. Usije na kwenye kilio, batu wataogopa."

Sikutaka. Nilimtazama direkta, naye akainamisha kichwa, wala hakukubali wala hakukataa. Nikasema, "Mama, nimefika."

"Haya," akasema. Aliuachilia mkono wangu. "Basi kaa huko."

Walifanya kilio Jumamosi. Biro kwa kawaida haifunguliwi siku hiyo, lakini nilikwenda, kwa kuwa sikujua mahali pengine pa kujiweka. Nilipanga klaseri. Maji yalikuwa yametulia kabisa, na lango la jirani halikugonga hata mara moja. Direkta aliniambia baadaye kwamba walizika gauni lile na ule mkono mmoja ukiwa bado na pini. Mama alikataa fundi alimalizie. Alilia kama watu wanavyolia, akala kama watu wanavyokula baada yake.

Mama yangu alishuka kutoka Luberizi juu ya lori la mpunga, akakaa nami majuma kadhaa. Hakuniuliza mengi. Alinisemesha tu, kutoka asubuhi ninapofunga kitambaa cha kichwa mpaka ninaporudi: habari za ng'ombe walioingia shambani kwa jirani, za binamu aliyeoa, za panya. Nikikwama, alingoja. Mara za kwanza nilimjibu kwa maneno ya kuokoteza, kama mgeni. Kisha siku moja alisema uongo fulani juu ya utoto wangu, kwamba nililia kwa kumwogopa bata, nikamkatalia kwa Kifuliiru, haraka, kwa hasira, sentensi nzima. Akaendelea kuchambua mchele kana kwamba hakuna kilichotokea, lakini niliona mabega yake yanashuka.

Staji yangu iliisha wakanipa mkataba. Niko pale mpaka leo, ingawa biro imehamia juu ya barabara kuu, maji yalipofika kizingitini. Wanapokuja wasichana kuuliza namna ya kuanza, nawafundisha barua, kopi, klaseri, na kiti kwa mtu wa Bijombo. Juu ya sauti nawaambia tu waseme polepole na wataje jina lao kwanza. Wanaandika hilo bila kuuliza sababu.

Yule mama tulionana tena mwaka huu, sokoni, kwenye meza za ndagala, wale dagaa wa ziwani. Nilikuwa nabishana na muuzaji, nikahisi mtu amesimama nyuma yangu, hasogei. Nikageuka. Alikuwa amezeeka, ana fimbo.

"Jambo, mama," nikasema.

"Jambo." Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza mvua iko mbali. "Inaanza kuwa nzito."

"Nini, mama?"

"Sauti. Imekuwa ya mwanamuke mukubwa sasa. Ni vizuri. Nilikuwa najiuliza ingekuwa namna gani."

Akachagua ndagala zake, akizigeuza kwa kidole kuona kama zina mchanga, akamwambia muuzaji azifunge vizuri, kisha akaniaga kwa kichwa na kwenda zake kati ya watu.